Kilio cha Mtoto Si Ombi la Uji

Kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Asembo Bay hadi Luanda Kotieno, kuna hukumu ambayo mama anayenyonyesha husomewa kabla mtoto wake hajafikisha miezi minne: maziwa yako hayatoshi. Ushahidi ni kilio. Mtoto amelia usiku, amenyonya akalia tena, amekataa kuliachia titi. Basi ana njaa, na dawa ya njaa ni nyuka, uji mwepesi wa mahindi uliochujwa na kutiwa sukari. Mama mkwe hutoa hukumu, jirani huiunga mkono, baba hunyamaza. Mama wa uzazi wa kwanza hubaki hana la kujibu.

Hukumu hiyo ni ya makosa, na anayeilipia ni mtoto. Mtoto anayenyonya vizuri hahitaji uji, maji, glukosi wala kinywaji kingine chochote hadi atimize miezi sita. Na kosa haliishii hapo. Uji ule ule ulioanza mapema mno huendelea peke yake hadi mtoto ana miezi kumi, bila samaki, bila yai, bila mboga. Wa miezi mitatu analishwa asichokihitaji. Wa miezi minane ananyimwa kile ambacho bila hicho hawezi kukua. Yote mawili yanatokana na imani moja: kwamba uji mwepesi haumdhuru mtoto, na kwamba unamtosha katika umri wowote. Imani hiyo ndiyo ninayoipinga hapa, kipengele kwa kipengele.

Tuanze na kilio. Mtoto mchanga hulia kwa joto, kwa gesi, kwa usingizi, kwa nepi iliyolowa, kwa kutaka kubebwa. Hulia pia anapokua kwa kasi. Wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, na tena karibu na mwezi wa tatu, hunyonya mfululizo siku mbili tatu kana kwamba hashibi. Hapo ndipo watu husema maziwa yamekwisha. Lakini titi si mtungi unaojazwa asubuhi ukaisha jioni. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyonyonywa, na kule kunyonya mfululizo ndiko kunakouambia mwili wa mama uongeze. Siku mbili tatu zikipita, maziwa huwa yamepanda kumfikia mtoto.

Sasa mpe uji katikati ya siku hizo. Tumbo lake dogo linajaa, analala, nyumba inatulia, na kila mtu anaona dawa imefanya kazi. Ila alipaswa kunyonya mara nne katika muda ule, akanyonya mara mbili. Mwili wa mama unapokea habari kwamba maziwa hayatakiwi sana, unapunguza. Baada ya wiki mbili maziwa yanapungua kweli, na aliyetoa hukumu anasema, "Si nilikwambia?" Alichotabiri amekisababisha mwenyewe.

Jambo hili limepimwa. Nchini Honduras watafiti, Kathryn Dewey akiwa miongoni mwao, waliwafuatilia watoto wa mama wa kipato cha chini waliokuwa na mtoto wao wa kwanza. Baadhi walianzishiwa chakula wakiwa na miezi minne. Wengine waliendelea na maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Chakula kile kilikuwa safi, kimetayarishwa na kufungwa kwenye chupa, kikagawiwa na watafiti wenyewe. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliopewa chakula mapema walipunguza kunyonya, na hawakukua kwa uzito wala kwa urefu kuliko wenzao. Chakula kilichukua tu nafasi ya maziwa. Na hicho kilikuwa chakula kizuri, kisicho na vijidudu. Uji wetu haufiki hapo.

Tuhesabu. Chukua kikombe cha robo lita cha uji unaoweza kupita kwenye chuchu ya chupa. Hautakuwa na unga zaidi ya gramu 15 hivi, kwa sababu ukizidi hapo utaziba. Gramu 15 za unga wa mahindi hutoa kalori zipatazo 55. Tia kijiko kidogo cha sukari, ongeza kalori 16. Jumla haifiki 75. Maziwa ya mama ya ujazo huo huo hutoa zaidi ya kalori 160, tena yakiwa na mafuta, protini na kinga dhidi ya magonjwa, vitu ambavyo uji ule hauna au unavyo kidogo mno. Kwa hiyo kila kikombe cha uji kinachochukua nafasi ya maziwa kinamnyang'anya mtoto zaidi ya nusu ya chakula chake. Analala kwa sababu tumbo limejaa maji yenye unga. Kushiba ni jambo lingine.

Hoja ya pili ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa inasemwa na wazee tunaowaheshimu: sisi sote tulilelewa hivyo, na tuko hai. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami nawaomba wakuu wa Asembo wakumbuke vizuri miaka ile. Kuanzia mwaka 1992, mradi wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na CDC ya Marekani uliwafuatilia mama na watoto katika vijiji vya Asembo Bay, kijiji hadi kijiji. Katika miaka hiyo, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai hapa, zaidi ya 150 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Malaria, upungufu wa damu, kuhara, nimonia na Ukimwi ndivyo vilivyowaua, na sisemi kwamba uji peke yake uliua mtoto. Nasema hivi: anayejitokeza leo kusema "sisi tulikunywa uji tukapona" ni yule aliyepona. Waliokufa hawapo kutoa ushahidi, na karibu kila boma la Asembo lina kaburi dogo la miaka ile. Ushahidi wa mtu aliyenusurika peke yake hautoshi kuamulia maisha ya mtoto mwingine.

Wala si kweli kwamba watu wa hapa hushikilia la zamani kwa ukaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpango wa afya wa Saradidi, hapa hapa Asembo, uliwafundisha wanavijiji waliochaguliwa na majirani zao kutibu malaria, wakati sehemu nyingi za nchi zilikuwa hazijafikiria jambo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Asembo na Gem ndiko vyandarua vilivyotiwa dawa vilikopimwa kwa upana, vifo vya watoto vikapungua, na matokeo yakabadilisha sera za malaria Afrika nzima. Watu walioupa ulimwengu somo lile wana uwezo wa kupima pia suala la uji.

Na wapime maji kwanza. Uji hupikwa, ndiyo, lakini chupa huoshwa na nini? Maji ya kuupozea yametoka wapi? Kipindupindu kilipoenea Nyanza kuanzia mwaka 1997, uchunguzi uliofanywa Kenya Magharibi uliuhusisha ugonjwa na kunywa maji ya ziwa. Hadi leo familia nyingi za ufukweni hapa Rarieda huchota ziwani, mahali pale pale panapofuliwa nguo, kunyweshwa ng'ombe na kuoshwa mitumbwi. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88; hata wakati wa jua kali la Januari, mtoto anayenyonya anapata maji yake yote mle, yakiwa safi. Tone la kwanza la maji ya kikombe ndilo linalomfungulia mtoto mlango wa kuhara.

Nenda ufukweni Asembo Bay asubuhi uone. Mitumbwi ya omena, dagaa wa ziwa hili, imerudi kutoka kuvua usiku kwa taa, wanawake wamegombania mzigo wao, na sasa wanautandaza juu ya nyavu kuukuu ardhini. Kwenye kivuli cha kibanda, msichana wa miaka minane amempakata mdogo wake wa miezi mitatu. Kando yake pana chupa iliyojazwa uji alfajiri. Kufikia saa nne uji umekuwa vuguvugu, umejitenga, unga chini na maji juu. Nzi wamekwisha kuijua chuchu. Mtoto akilia, chupa inatikiswa na kutiwa mdomoni. Mama anafika akinuka samaki, anataka kumnyonyesha, na bibi mzee aliye karibu anamwambia, "Nyar Sakwa, maliza kazi yako, huyu amekwisha kula." Naye anajibu kwa upole, "Dani, matiti yananiuma." Matiti yake yameuma kwa sababu yamejaa. Mama aliyeambiwa hana maziwa ya kutosha anarudi kwenye omena huku maziwa yakilowesha blauzi yake.

Ninaleta picha hiyo kwa sababu ndiyo inayojibu kundi la pili la wanaokosea: wanaosema mama huyu ni mjinga, afundishwe. Semina zimefanyika, mabango yamebandikwa, na mafundisho yamesaidia sana. Mwaka 2003 ni asilimia 13 tu ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 61. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata asilimia 60. Kwa miaka minane hatukusogea, na sababu si kwamba mama walisahau somo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Mchuuzi wa omena hana mwajiri, hana likizo, hana chumba. Akikosa mtumbwi alfajiri, jioni hana unga. Kumwambia mama huyu "nyonyesha pekee miezi sita" kisha kumwacha peke yake ufukweni ni kumtupia lawama tu.

Yapo yanayowezekana. Mtoto anaweza kuletwa ufukweni anyonyeshwe kila baada ya muda, mradi jamii ikubali kwamba mama akiacha omena yake robo saa hataibiwa wala kusemwa. Anaweza kukamua maziwa kwa mikono iliyooshwa, ayaache nyumbani kwenye kikombe safi chenye kifuniko, mahali penye kivuli. Kwa joto la ziwani yatumike ndani ya muda wa saa nne, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, kwa kuwa chupa ni ngumu kuisafisha. Wale wanaosema maziwa yaliyokaa titini siku nzima yameharibika wamekosea: maziwa hayachachi ndani ya mwili wa mtu. Na kamati za usimamizi wa fuo, zinazotoza ada kila mtumbwi unaotia nanga, zinaweza kujenga kibanda kimoja chenye benchi, maji yaliyotibiwa na mahali pa kunawia mikono. Gharama yake ni ndogo kuliko ya injini moja ya boti.

Mjini Kisumu hoja hubadilika sura. Mama mwenye simu hukuonyesha kwamba madaktari wa watoto wa Ulaya huruhusu chakula kuanzia mwisho wa mwezi wa nne. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa likisema miezi minne hadi sita, hadi lilipobadilisha ushauri wake mwaka 2001. Bibi anayekumbuka kuambiwa miezi minne kliniki mwaka 1990 hasemi uongo. Lakini ushauri wa Ulaya umetolewa kwa nyumba yenye maji safi ya mfereji, jokofu, na hospitali iliyo dakika kumi. Huko sehemu kubwa ya mjadala ni mzio wa njugu na mayai. Kwetu mizani ina kuhara upande mmoja, na upande wa pili hakuna faida ya ukuaji ya kuisawazisha. Anayenakili umri wa Ulaya anakili pia na maji ya Ulaya, kama anayo.

Tena eneo hili lina sababu yake lenyewe ya kushika miezi sita kwa makini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta virusi vya Ukimwi kwa asilimia 15.3 ya watu wazima wa Siaya, 17.5 ya Kisumu na 19.6 ya Homa Bay. Mwaka 1999 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walionyesha kwamba watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya maziwa ya mama pekee. Kisumu ikaongeza sura yake: kati ya 2003 na 2009, mama 522 wanaoishi na virusi walipewa dawa kuanzia wiki ya 34 ya ujauzito hadi mtoto alipofikisha miezi sita, wakiwa wananyonyesha. Kufikia miezi sita asilimia 5 tu ya watoto walikuwa wameambukizwa, na kufikia miaka miwili asilimia 7. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini ushauri wa wakati ule ulikuwa kumwachisha mtoto ghafla afikapo miezi sita, na watoto walipoachishwa, kuhara kuliongezeka.

Ushauri huo umekwisha kufutwa. Mama anayetumia dawa zake vizuri huambiwa leo anyonyeshe pekee miezi sita, aanze chakula, na aendelee kunyonyesha hadi miaka miwili. Hata hivyo masalia yake yamebaki vijijini: wapo wanaoamini kwamba miezi sita ndiyo mwisho wa kunyonya, na anayezidisha ana jambo analoficha. Miezi sita ni siku ya kuongeza chakula. Siku ya kuondoa titi iko mbali.

Na sasa nawageukia wale wanaodhani wakishika miezi sita wamemaliza kazi. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma inayoisha karibu na umri huo, na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Huku kwetu malaria huiharibu damu kabla akiba haijajazwa. Watafiti wa Asembo walilikuta tatizo hili tangu mwanzo: upungufu mkubwa wa damu huwapata watoto wetu ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto wa miezi saba anayepewa uji mweupe na kikombe cha chai ya rangi hapati chuma chochote cha maana, na ile chai inazuia hata kile kidogo kisiingie mwilini. Akikonda, nywele zikawa hafifu, miguu ikavimba, watu hunong'ona chira, wakamtafuta aliyevunja mwiko. Mara nyingi kilichovunjwa ni hesabu ya chakula.

Wanaonikatiza hapa husema mtoto asiye na meno hawezi kula samaki. Anaweza. Omena wakavu, waondolewe mchanga, waoshwe, wakaangwe bila mafuta hadi wakauke kabisa, watwangwe, wachekechwe. Unga ule hauna mwiba wala mfupa wa kumkwama mtoto, na una chuma, zinki, kalisi na protini. Kijiko kimoja ndani ya uji mzito wa mtama au wimbi, uliopikwa hadi usidondoke upesi kwenye kijiko, hubadilisha mlo wote. Sehemu kubwa ya omena wa ziwa hili huishia viwanda vya chakula cha kuku, huku mtoto wa aliyewaanika akinywa uji mtupu. Ongeza kiini cha yai, njugu zilizosagwa laini, malenge, viazi vitamu, mboga za majani zilizopondwa. Aanze kwa vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne, titi likiwa pale pale.

Basi uamuzi ufanywe vipi? Kwanza kwa tarehe. Miezi sita hutimia baada ya siku 180. Mtoto "aliyeingia mwezi wa sita" ana miezi mitano, na mwezi ule unaobaki ni wake. Pili kwa dalili: anakaa akiegemezwa, shingo imeshika, anafuata kijiko kwa macho, ulimi hausukumi tena chakula nje. Tatu kwa mizani. Anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito wake unapanda kwenye kijitabu cha kliniki, anashiba, hata akilia usiku kucha. Mstari ukilala au kushuka, kuna tatizo la kweli, na hapo apelekwe hospitali au kituo cha afya, Lwak, Madiany au Ong'ielo, aangaliwe anavyolishika titi na kama ana ugonjwa. Mtoto aliyezaliwa njiti au mgonjwa anaweza kuhitaji jambo tofauti, na hilo huamuliwa na daktari.

Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 vifaa vya kazi, mizani ikiwemo. Nyamrerwa, mhudumu huyo wa afya wa kijiji, yupo, na nyumba yake inajulikana. Baba anayenyamaza wakati mkewe anahukumiwa ana kazi moja iliyo ndani ya uwezo wake: amwite. Na kabla ya mtu yeyote, awe mama mkwe, jirani au mchungaji, kumwambia mama kwamba maziwa yake hayatoshi, ampime mtoto kwanza.